Vilima vya Irangi: Historia Isiyoishia Kwenye Michoro

Kila siku mamia ya wasafiri hupita Kolo, kijiji kilichopo kaskazini mwa mji wa Kondoa, wakielekea Arusha na mbuga zake mashuhuri. Wachache hushuka. Hata miongoni mwa wanafunzi wangu wa chuo kikuu, wanaoweza kuitaja Serengeti bila kufikiri, ni nadra kumpata aliyepanda vilima vya Irangi. Huu si upungufu wa utalii peke yake. Ni upungufu wa namna tunavyoisimulia nchi yetu.

Kinachojulikana kidogo ni michoro. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya miambani ya Kondoa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mapango na vibanda vya miamba vyenye michoro vinakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mary Leakey alikuja mwaka 1951 kuinakili, na kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Michoro myekundu, ya wanyama na watu warefu wembamba, inahusishwa na jamii za wawindaji. Ile myeupe, ambayo mara nyingi imechorwa juu ya myekundu, inahusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Katika pango la Kisese, wachimbaji walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000.

Lakini vilima hivi havikukoma kuwa na historia pale rangi ilipokauka. Kondoa ilikuwa kituo cha misafara ya biashara kutoka pwani. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya Van Deventer, yakitumikia Uingereza, yaliuteka mji huo. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck akajaribu kuurudisha kwa Wajerumani, akashindwa. Katika vita hivyo vya wageni, mizigo ilibebwa na mabega ya Waafrika, na chakula kilitoka katika maghala ya wenyeji.

Kisha kuna makorongo. Mmomonyoko wa Irangi ni mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoathirika. Majani yalirudi, miti ikaota. Hilo hatuwezi kulikana. Ila gharama ililipwa na mfugaji aliyelala na ng'ombe akaamka hana, ilhali uchunguzi wa udongo umeonyesha kuwa mmomonyoko huo ulianza karne nyingi kabla ya ukoloni. Mwananchi alibebeshwa peke yake lawama ya jambo lenye mizizi mirefu kuliko ukoo wake.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Baadhi ya mapango ya Kolo bado ni mahali pa matambiko: wazee huenda kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa. Kwa mtaalamu wa uhifadhi anayetazama rangi tu, moshi na pombe ya tambiko ni uharibifu. Kwa mzee, pango bila tambiko ni jiwe. Tukimfukuza mzee ili tulinde mchoro, tutakuwa tumerudia kosa la mwaka 1979: kuokoa mahali kwa kumfanya mwenyeji kuwa mshtakiwa.

Wenzangu mlioko katika halmashauri na wizara, barabara ya lami haitoshi, wala bango la kumwelekeza mgeni halitoshi. Mwongozaji wa Kolo aweze kueleza tambiko, vita na makorongo kwa uhodari uleule anaoelezea twiga mwekundu. Wazee wakae mezani kanuni za mapango zinapoandikwa, na sehemu ya kiingilio irudi katika shule na visima vya vijiji vinavyoyazunguka. Mlinzi wa kwanza wa urithi ni yule anayeishi kando yake. Akiona kuwa si wake tena, hakuna uzio utakaoulinda.