Kifafa kwa watu wazima (Tanzania ya kati)

Kifafa ni ugonjwa sugu wa ubongo. Mgonjwa hupatwa na degedege au hupotewa na fahamu ghafla, tena na tena, bila chanzo cha papo hapo kama vile homa kali au kushuka kwa sukari. Kifafa cha mimba ni maradhi mengine, yanayotokana na shinikizo la damu la ujauzito.

Kuenea

Duniani wanakadiriwa kuwapo wagonjwa wapatao milioni 50. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika eneo la Haydom, wilayani Mbulu, kaskazini mwa nyanda za kati, ulikuta wagonjwa karibu 9 kwa kila watu 1,000. Ulanga, mkoani Morogoro, kiwango kilichotangazwa mwaka 1992 kilikuwa 10.2, na katika kijiji kimoja kilifika takriban 37. Wilayani Hai, Kilimanjaro, hakikufika 3.

Visababishi

*Tegu wa nguruwe.* Ndicho chanzo kilichochunguzwa zaidi ukanda huu. Haydom, wagonjwa 212 wa kifafa walipopigwa picha ya CT, takriban mmoja kati ya sita alikuwa na alama za vifuko vya tegu kwenye ubongo. Mtu hupata tegu wa tumboni kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, lakini vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka na kinyesi cha binadamu, kwa mikono michafu, mboga au maji. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto huweza kuugua. Nguruwe wanaozurura vijijini hula kinyesi hicho, na mzunguko unaendelea. Vyoo imara, kufungia nguruwe na ukaguzi wa nyama huukata.

*Vyanzo vingine.* Kwa vijana ni majeraha ya kichwa, zikiwamo ajali za bodaboda. Kwa wazee ni kiharusi. Wenye VVU hushambuliwa na maambukizi ya ubongo. Wengine wamebeba athari za utotoni: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Pombe huchangia pia.

Tiba

Fenobabito, dawa ya zamani na ya bei nafuu, bado ni mhimili wa tiba. Karbamazepini na fenitoini hutumika pia. Hadi wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakimeza dawa kila siku, lakini Hai zaidi ya theluthi mbili walikutwa hawapati tiba. Dodoma, wagonjwa wengi wamezoea kuhudumiwa kupitia kliniki za afya ya akili, ikiwamo ya Hospitali ya Mirembe. Picha za ubongo hupigwa Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Imani

Wapo wanaodhani kifafa huambukizwa kwa mate. Hakiambukizwi.