Dakota Sebuleni

Kabla ya kuwasha injini ya ndege ya Dakota, hesabu mapanga ya propela. Silinda 14 za injini hiyo zimepangwa kwa duara, na injini ikilala usiku kucha, oili huchuruzika hadi kwenye silinda za chini. Ukiiwasha hivyo hivyo, pistoni hukutana na oili badala ya hewa, na oili haikubali kubanwa. Kitakachopinda ni chuma. Ndiyo maana propela huzungushwa kwanza bila cheche, panga la kwanza, la pili, la tatu, mpaka ijulikane kuwa injini iko huru. Hapo ndipo unapofungua magneto zinazoleta cheche, injini ikakohoa, ikatema moshi, ikashika.

Mimi huyahesabu mapanga hayo sebuleni, mbele ya kioo cha kompyuta, nikiirusha Dakota ya programu. Hakuna oili hapa wala chuma. Lakini nahesabu, na wako wengi duniani wanaohesabu kama mimi. Desturi hii imefika nyumbani kwa njia ndefu, na njia yenyewe inaanzia kwenye kinanda.

Edwin Link alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda huko Binghamton, jimbo la New York. Alijifunza urubani akaona masomo ya angani yanakula fedha mno. Mwaka 1929 alichukua mivukuto na pampu za hewa za vinanda vya baba yake, akaunda kindege cha mbao chenye mabawa mafupi, kinachoinama na kugeuka pale pale sakafuni. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani lilizinduka mwaka 1934, lilipopewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wake, wasiozoea kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea geji peke yake, wakaanza kufa. Likanunua mashine 6 za Link. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, sanduku hilo la rangi ya bluu lilikuwa darasa la maelfu kwa maelfu ya marubani.

Aliyeileta kazi hiyo ya kuiga urubani majumbani ni Bruce Artwick. Mwaka 1975, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Illinois, alionyesha kwamba kompyuta ndogo inaweza kuchora mwendo wa ndege. Kufikia 1980 programu yake ya Apple II ilikuwa sokoni, na mwaka 1982 Microsoft ikatoa toleo la kompyuta za IBM. Lile la Apple lilikuwa mistari tu: mstari huu ardhi, ule mlima. Lakini tazama ndege aliyoichagua Artwick: Sopwith Camel, ya Vita Kuu ya Kwanza. Tangu siku ya kwanza, basi, ndege ya sebuleni ilikuwa kikongwe cha zaidi ya miaka 60. Wanaodhani kupenda ndege kuukuu ni ugonjwa wa wastaafu waanzie hapo.

Dakota yenyewe, kwa jina la kiwandani Douglas DC-3, iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 huko Santa Monica, California, miaka 32 kamili tangu ndugu Wright waruke. Ilizaliwa kwa ubembelezi: C. R. Smith wa American Airlines alitaka ndege ya vitanda, na Donald Douglas hakuitaka kazi hiyo hadi aliposhawishiwa kwa simu ndefu. Usiku ilichukua vitanda 14; ikiwekwa viti, abiria 21. Mashirika ya ndege ya Marekani wakati huo yaliishi kwa malipo ya kubeba barua za serikali. Ndege hii iliweza kujilipia kwa nauli. Kisha vita ikazidisha idadi yake kupita 10,000, Waingereza wakaiita Dakota, na jina hilo ndilo lililokuja kwetu Afrika Mashariki.

Huku ilivaa rangi za East African Airways, shirika lililoundwa mwaka 1946 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katika miaka ya 1950 Dakota ndizo zilizounganisha Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, na shirika likaendelea hadi lilipovunjika mwaka 1977.

Safari hiyo ya pwani ndiyo ninayoirudia. Naondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba na ndege hukimbia mbali kabla ya kuinuka. Gurudumu la tatu liko mkiani, na uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo mkia hutaka kuupita uso. Miguu haipumziki kwenye pedali. Angani kuna kazi nyingine: kupunguza nguvu, kurekebisha mafuta na hewa, kufungua na kufunga vibao vinavyopoza injini, kufuata mshale unaoelekea kwenye mnara wa redio. Rubani wa jeti ya kisasa huiandikia kompyuta njia yote kabla ya kuondoka. Dakota ukiisahau dakika tano, geji zitakuambia.

Microsoft iliiweka DC-3 katika toleo la programu yake la mwaka 2003, la kuadhimisha miaka 100 tangu ndugu Wright waruke, ikairudisha tena mwaka 2022. Lakini waliokwenda mbali zaidi ni A2A Simulations, watengenezaji wa ndege za programu. Stratocruiser yao, ndege nyingine ya propela ya enzi hizo, ina injini zinazoweka kinyongo: ukizitesa leo, kesho zinaamka na majeraha yake.

Kuna kitu ambacho programu haiwezi kukileta, nacho ni hofu. Kabini ya Dakota haijazwi hewa, na Kilimanjaro una futi 19,341, kwa hiyo marubani waliuzunguka. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya East African Airways, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iliugonga mlima huo. Watu wote 20 walikufa. Kioo changu kikionyesha wingu upande ule, nabonyeza kitufe cha kusimamisha safari. Wao hawakuwa na kitufe hicho.

Umeme ulikatika wiki iliyopita nikiwa juu ya Tsavo. Nilianza upya Wilson, kuhesabu mapanga na kadhalika, na saa tatu usiku nikasikia sauti kutoka jikoni.

"Baba Nuru, chakula kinapoa."

"Niko juu ya Tanga, Mama Nuru."

"Basi teremka ule huko huko Tanga."