Hesabu ya Mzingo

Tarehe 17 Septemba 1939, HMS Courageous, manowari ya Uingereza ya kubeba ndege, ilikuwa magharibi ya Ireland ikisaka nyambizi za Wajerumani. Kati ya manowari ndogo nne zilizoilinda, mbili zilikuwa zimekwenda kuiokoa meli ya mizigo iliyoshambuliwa. Jioni ikageuka kuukabili upepo kwa ajili ya ndege zake, na kwa kugeuka huko ikaipa nyambizi ya Kijerumani U-29 ubavu wake. Topido mbili zikaipata. Haikumaliza nusu saa juu ya maji, na watu zaidi ya 500 wakafa.

Uingereza ikaacha kuzituma manowari kubwa za ndege kwenye msako wa namna hiyo. Lakini je, ni nini hasa huiponya meli? Jibu lililonigusa zaidi lilitoka kwenye misafara ya meli za mizigo, mikononi mwa mwanafizikia Patrick Blackett, aliyekuwa amepigana baharini ujanani mwake, katika mapigano ya Jutland mwaka 1916.

Wakuu wa jeshi la maji waliamini kwamba msafara mdogo ndio salama, wakakataza kuzidi meli 60. Blackett na wenzake wakazipekua kumbukumbu. Misafara yenye wastani wa meli 32 ilipoteza asilimia 2.5, yenye wastani wa 54 ilipoteza asilimia 1.1.

Nimefundisha hisabati Mombasa miaka mingi, na sababu ya tofauti hiyo ndiyo niliyopenda kuichora ubaoni, kwa duara. Meli hujaza eneo, ilhali walinzi hupangwa kwenye mzingo. Eneo likiongezwa mara mbili, mzingo huongezeka kama mara 1.4 tu, kwa hiyo walinzi wachache zaidi hutosha kwa kila meli. Nyambizi ikishapenya, topido zake ni zile zile, meli ziwe 40 au 80.

Blackett hakukimbilia kuwashauri wakuu. Alijiuliza kwanza: watoto wangu wangevuka Atlantiki, ningewapandisha katika msafara upi? Akajijibu: mkubwa. Ushauri ukakubaliwa mwaka 1943, na mwaka uliofuata msafara wa HX 300, wenye meli zaidi ya 160, ukavuka salama.

Baadaye alikadiria kwamba hesabu hiyo ingefanywa mwaka mmoja mapema, meli kama 200 zingeokolewa, pamoja na mabaharia wake. Takwimu zilikuwa zimelala ofisini muda wote huo, na kuzisoma kulihitaji kalamu na karatasi tu.