Njia za Shaba na Wenye Inchi

Tunasoma katika vitabu habari za wahamiaji wa Marekani, jinsi tangu miaka ya 1840 walivyovuka mbuga kubwa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakitafuta mashamba upande wa mangaribi. Vitabu vingi viliwasifu kama watu waliofungua inchi tupu. Lakini inchi ile haikukuwa tupu. Ilikuwa na wenyewe, waliowinda nyati pale tangu zamani. Basi tuulize neno lile lile juu ya inchi yetu: ni nani waliopita njia za Katanga, na walimukuta nani?

Mutu anayetembea Kamatanda, hapa Likasi, anakanyaga udongo wenye shaba. Shaba hiyo haikungojea Wazungu ili ijulikane. Basanga na jirani zao waliichimba tangu zamani sana. Kiisha mavuno, wakati wa kiangazi, mafundi waliacha vijiji na kupiga kambi karibu na mashimo. Walichimba mawe ya rangi ya majani, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakayayeyusha kwa makaa na mivuba. Kazi hiyo ilikuwa na wakubwa wake, miiko yake na maombi kwa wazee waliokufa. Wenye kuifanya waliitwa walaji wa shaba, maana shaba iliwapa chakula. Waliimimina kwa mufano wa musalaba, nayo misalaba hiyo ikatumiwa kama feza hata inchi za mbali. Ilikuwa hivi karne nyingi mbele ya mapadri kufika.

Shaba ndiyo iliyovuta njia. Katika karne ya 19 wachuuzi wa Unyamwezi na Usumbwa, katika Tanzania ya leo, walipita kusini ya ziwa Tanganika, wakavuka Luapula kwa Kazembe, wakafika Katanga. Mumoja wao aliitwa Kalasa. Mwana wake Ngelengwa, tunayemujua kwa jina la Msiri, alifika kwa kukaa karibu ya mwaka 1856. Alikuja kama mugeni, akapokelewa na wakubwa wa inchi, kama Katanga na Mpande. Bunduki zake zikawasaidia kupigana na adui. Lakini mugeni akageuka mufalme. Akajenga muji mukubwa wa Bunkeya, kaskazini ya Likasi, na watu wake wakaitwa Bayeke. Njia za Bunkeya zilikwenda mashariki hata bahari ya Waswahili, na mangaribi hata Bihe na Benguela. Zilichukua shaba, chumvi na pembe za tembo. Zilichukua pia watumwa, na jambo hilo tusilifiche.

Wenye inchi walichoka. Mwaka 1891 Basanga walikuwa wamekwisha kumuasi Msiri. Tarehe 20 Desemba ya mwaka ule, watu wa safari ya Stairs, waliotumwa kwa jina la mufalme Leopold II, walimuua. Watu wa Bunkeya wakatawanyika, na inchi ikapata mugeni mwingine aliyejiita mwenyewe.

Kiisha ikafika njia ya chuma. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi. Wafanyakazi wakatoka pande nyingi, na wengi wakatoka Kasai, zaidi tangu reli ilipofika Port-Francqui, ndiyo Ilebo, mwaka 1928. Walijenga kambi, makanisa na masomo. Watoto wao walizaliwa Likasi, wakazikwa Likasi.

Lakini katika mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingojea gari la moshi, na wengine wakafia pale. Reli iliyowaleta babu zao ndiyo iliyowachukua wajukuu.

Historia hii inatufundisha mambo mawili, na yote mawili yanatakiwa pamoja. Mugeni asiseme kama inchi ilikuwa tupu: Msiri alisahau, na Wazungu walisahau. Na mwenye inchi asiseme kama mutoto aliyezaliwa hapa ni mugeni siku zote. Maana wazee wa wengi wetu walikuja kwa njia fulani, kwa miguu ao kwa gari la moshi. Ibrahimu baba yetu, alipofiwa na Sara, alijiita mugeni mbele ya wenye inchi, akaomba kaburi, akapima feza shekeli 400 mbele ya wote. Hakunyang'anya, na wale wenye inchi walimusikiliza kwa heshima.

Ndugu yangu museminari, siku utakapotumwa katika parokia ngeni, uliza kwanza majina ya wale walioitangulia njia yako. Kiisha ubatize watoto wa wote.