Ndugu wa Ziwa Moja: Maziwa ya Mama, Historia Yetu na Amana ya Ushahidi



Ndugu wasomaji, liko jambo linalopita kimya kimya katika majumba yetu na aghalabu halizungumzwi msikitini wala madrasa. Mama amejifungua, kisha akaugua au akafariki. Mtoto analia. Jirani mwenye mtoto mchanga anamchukua, anampa ziwa, na mtoto analala. Siku zinapita, watoto wanakua, familia zinahama. Baada ya miaka ishirini posa inaletwa, na hakuna anayekumbuka kwamba kijana na binti huyo walinyonya ziwa moja.

Katika makala hii tutaifuata historia ya jambo hili, tangu Makka mpaka kwetu Gitega na Muyinga. Lengo letu si kuwatia hofu akina mama wanaosaidiana. Tunataka kukumbusha kwamba maziwa haya ni sadaka kubwa, na kwamba sadaka hii ina amana ndani yake, nayo ni kujulikana nani alimnyonyesha nani.

Tangu zama za Mtume (s.a.w.)

Qur'ani Tukufu inatueleza kisa cha Nabii Musa (a.s.), aliyeokotwa mtoni na watu wa Firauni akakataa maziwa ya wanyonyeshaji wote, mpaka akarudishwa kwa mama yake bila ya wao kujua. Kisa hicho kimo katika Suratul Qasas. Kinatuonyesha kwamba kumtafutia mtoto mnyonyeshaji lilikuwa jambo la kawaida tangu zama za kale.

Waarabu wa Makka nao walikuwa na desturi hiyo. Mtume wetu (s.a.w.) alinyonyeshwa kwanza na Thuwayba, mjakazi wa Abu Lahab, ambaye pia alimnyonyesha Hamza bin Abdul Muttalib. Hivyo Hamza, ambaye kwa damu alikuwa ami yake, akawa pia ndugu yake wa kunyonya. Kisha akachukuliwa na Bibi Halima wa kabila la Banu Sa'd, akalelewa jangwani.

Undugu huo haukuishia utotoni. Mtume (s.a.w.) alipoelekezwa amuoe binti wa Hamza, alikataa akieleza kwamba ni binti wa ndugu yake wa kunyonya. Na baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, waandishi wa sira wanaeleza kwamba Shayma, binti wa Bibi Halima, alikuwa miongoni mwa mateka. Alipojitambulisha, Mtume (s.a.w.) alimtandikia shuka yake na kumkirimu. Wajumbe wa Hawazin nao walipokuja kuwaombea watu wao walimkumbusha kwamba miongoni mwa mateka wamo shangazi zake na mama zake wadogo wa kunyonya. Mateka wakaachiliwa. Angalieni, ndugu zangu: maziwa aliyopewa mtoto yatima yalikuja kuwa sababu ya huruma kwa kabila zima zaidi ya miaka hamsini baadaye.

Kisa cha Uqba bin al-Harith

Kisa kinachogusa zaidi maisha yetu ya leo kimo katika Sahihi ya Imam Bukhari. Uqba bin al-Harith (r.a.) alimuoa binti wa Abu Ihab. Akaja mwanamke mmoja akasema kwamba aliwanyonyesha wote wawili, mume na mke. Uqba akashangaa. Hakuwahi kusikia habari hiyo, na mama huyo hakuwahi kumwambia. Akawauliza wakwe zake, nao hawakujua lolote. Akapanda mnyama wake kutoka Makka mpaka Madina kumuuliza Mtume (s.a.w.). Mtume akamuelekeza amuache mkewe, kwani ataishi naye vipi na ilhali neno hilo limekwisha semwa? Wakaachana, na yule binti akaolewa na mwengine.

Hapana katika kisa hiki mtu aliyefanya ubaya. Mama alinyonyesha kwa wema, vijana walioana kwa halali kadiri ya ujuzi wao, na wakwe hawakuficha kitu. Kilichokosekana ni habari moja tu, iliyokaa kwa mtu mmoja mpaka ikachelewa.

Hukumu kwa ufupi

Suratun Nisaa, aya ya 23, inawataja mama walionyonyesha na dada wa kunyonya miongoni mwa wasiooleka. Suratul Baqara, aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kuwa ukomo wa kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na inaruhusu mtoto kunyonyeshwa na mwengine kwa malipo ya wema. Kwa hivyo kumpa mtoto wa mwenzio maziwa ni halali, na ni jambo la kheri.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, undugu huu unathibiti mtoto anaponyonya mara tano tofauti ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kwa Wahanafi na Wamaliki, hata mara moja inatosha. Maulamaa wengi wanasema pia kwamba maziwa yaliyokamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe au kijiko yana hukumu ile ile.

Mtoto aliyenyonya anakuwa mwana wa mama huyo na wa mumewe, na watoto wao wote wanakuwa ndugu zake, waliozaliwa kabla na watakaozaliwa baada. Lakini ndugu zake yeye wa damu, ambao hawakunyonya, hawaingii katika undugu huo. Vile vile kunyonya hakuleti mirathi. Kunaharimisha ndoa, na kunawafanya wawe maharimu.

Waswahili wa Burundi

Sasa tuje kwetu. Uislamu ulifika pande hizi kwa njia ya biashara na misafara iliyotoka pwani na Zanzibar kupitia Tabora mpaka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu kutoka Ujiji, lakini majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yalimzuia. Ni baada ya Wajerumani kuweka kambi yao Usumbura, mwishoni mwa miaka ya 1890, ndipo askari, wachuuzi na mafundi wa Kiislamu walipokaa kwa wingi. Mwaka 1912 Wajerumani walihamishia makao yao Gitega, mji ambao sasa ndio mji mkuu wa kisiasa wa nchi. Wabelgiji waliingia mwaka 1916.

Katika miji hii Waislamu walikaa mitaa ya pamoja, na Kiswahili kikawa lugha yao ya nyumbani. Mpaka leo katika Kirundi mtu akisema "Umuswahili" mara nyingi anamaanisha Muislamu. Mtaa wa Buyenzi katika Bujumbura unajulikana zaidi, lakini Gitega, katikati ya nchi, na Muyinga, upande wa kaskazini-mashariki karibu na mpaka wa Kobero, zina jamii zao za zamani.

Wazee waliojenga mitaa hiyo walitoka makabila mbali mbali: wa Manyema na Ujiji, wa pwani, na Warundi waliosilimu. Hawakuwa na ukoo mmoja wa kuwaunganisha. Katika jamii ya namna hiyo, jirani ndiye ndugu wa kwanza. Tena walikuja katika nchi inayoyaheshimu maziwa, nchi ambayo salamu yake ya kale, "amashyo", ni dua ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe. Na Kiswahili chenyewe kinawaita watoto wa mama mmoja ndugu wa ziwa moja. Mtoto wa kunyonya anastahili jina hilo pia, ingawa hakutoka tumbo moja na wenzake.

Miaka ya misukosuko

Undugu wa damu huandikwa katika vyeti na huonekana katika sura. Undugu wa kunyonya haumo katika cheti chochote, umo vifuani mwa wanawake wachache: mama aliyenyonyesha, bibi aliyekuwepo, jirani aliyeona. Wakifa hao, au wakitawanyika, ushahidi nao umekwenda.

Na sisi tumetawanyika sana. Mwaka 1972 mauaji yaliwakimbiza watu wengi kwenda Tanzania, wakapelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, vita vilianza na vikadumu zaidi ya miaka kumi. Wengi wa upande wa Muyinga walivuka mpaka kuingia Ngara, wengine wakaenda Kibondo na Kasulu. Baada ya mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, mamia ya maelfu walirudi kidogo kidogo. Mwaka 2015 wengine wakakimbia tena, kwenda Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Na Muyinga yenyewe ikapokea wageni: kambi ya Gasorwe ilifunguliwa mwaka 2002 kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, wengi wao wakizungumza Kiswahili kama sisi.

Fikirini hali ya mtoto mchanga katika safari kama hizo. Mama amekauka maziwa kwa njaa na hofu, au hayupo tena. Mwanamke aliyelala naye chini ya turubai moja anamchukua mtoto na kumnyonyesha, bila kuuliza ukoo wala kabila. Anayefanya hivyo ameokoa nafsi, na malipo yake yako kwa Mola wake. Lakini kesho yake misafara inatengana, huyu Kibondo na yule Ngara. Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa mwaka 1972 na vizazi vyao, na wengine wamerudi Burundi. Watoto waliolala ubavuni mwa mama mmoja huenda leo wako pande mbili za mpaka, na siku moja wakakutana chuoni au sokoni pasipo kujuana.

Tena kuna jengine. Nchi iliyoambiwa kwa miaka mingi kwamba watu wake ni maadui kwa kuzaliwa kwao inahitaji kuukumbuka undugu huu. Mtoto wa upande mmoja aliyenyonya kwa mama wa upande wa pili ana mama pande zote mbili. Tukiisahau habari hiyo tumehatarisha ndoa, na pia tumepoteza kamba ya sulhu kama ile iliyowaokoa Hawazin.

Maradhi, kopo na benki za maziwa

Katikati ya miaka ya 1980 wataalamu walitambua kwamba virusi vya UKIMWI vinaweza kupita katika maziwa ya mama. Hofu hiyo ina msingi, na haifai kuidharau: mama anayetaka kumnyonyesha mtoto wa mwenzio apimwe kwanza. Kuhusu maziwa ya kopo, mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia yasitangazwe ovyo, kwa sababu penye maji machafu na umaskini yamewaletea watoto kuharisha na vifo. Shirika hilo linahimiza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha aendelee pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Miaka miwili hiyo si mipya kwa msomaji wa Qur'ani.

Kwa watoto njiti, baadhi ya nchi zimeanzisha benki za maziwa. Maziwa ya akina mama waliopimwa hupashwa moto wa nyuzi 62.5 kwa nusu saa, kisha huhifadhiwa kwenye baridi. Kenya ilifungua benki yake ya kwanza mwaka 2019 katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi. Huko Kampala kikundi cha ATTA kilianza kazi hiyo mwaka 2021.

Maulamaa wamehitilafiana. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Desemba 1985, lilizikataza benki hizi kwa kuwa zinachanganya nasaba. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliziruhusu, akisema kwamba kunywa maziwa yasiyojulikana ni ya nani si kunyonya kunakokusudiwa na sheria. Mwaka 2024 benki iliyofunguliwa Karachi, Pakistan, ilisimamishwa kwa sababu ya suala hili hili. Mkitazama vizuri mtaona kwamba wanaozikataza hawayakatai maziwa. Wanachokihofia ni chupa isiyokuwa na jina.

Tufanye nini?

Kwanza, tusiache kusaidiana. Mtoto akihitaji maziwa na yupo mama mzima wa afya aliyepimwa, basi huo ni mlango wa kheri. Mama mwenye mume na amshauri mumewe, kwani mtoto huyo atakuwa mwana wa wote wawili.

Pili, tuandike siku ile ile. Jina la mtoto na wazazi wake, jina la mama aliyenyonyesha na la mumewe, tarehe, na idadi ya mara alizonyonya. Nakala moja ikae kwa kila familia, na nyengine kwa imamu wa msikiti.

Tatu, watoto waambiwe mapema, wakue wakijua kwamba fulani ni mama yao na fulani ni ndugu zao. Kumwambia mtu siku ya posa ni kumwumiza, na kumwambia baada ya harusi ni kumrudisha katika kisa cha Uqba.

Nne, enyi vijana na wanafunzi, kaeni na bibi zenu maadamu wapo. Waulizeni habari za Ngara, za Kibondo, za Ulyankulu. Waulizeni: nani alininyonyesha mimi, nani alimnyonyesha baba, na wewe ulimnyonyesha nani? Andikeni majina hata kama ni ya watu msiowajua.

Na posa inapoletwa, pamoja na kuuliza tabia, kazi na ukoo, wazee waulize na swali hili: je, watoto hawa waliwahi kukutana katika ziwa moja? Ni swali dogo, na lina stara kubwa ndani yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu akina mama wote walionyonyesha yatima wa barabarani na makambini, wanaojulikana na wasiojulikana, na atujaalie kuihifadhi amana yao.

Wabillahi tawfiq.