Kadi, Daftari na Sheha: Nani Mpiga Kura wa Zanzibar?

Januari 1961 jimbo la Chake Chake, Pemba, lilichukuliwa na chama cha Afro-Shirazi (ASP) kwa tofauti ya kura moja. Kwa kura hiyo ASP ilifikisha viti 10, wapinzani wake wa ZNP wakapata 9 na chama cha tatu, ZPPP, 3. Wajumbe wa ZPPP walipogawanyika, wawili kwa ZNP na mmoja kwa ASP, Baraza la Kutunga Sheria likawa kumi na moja kwa kumi na moja, na uchaguzi ukarudiwa Juni. Katika ghasia za marudio hayo waliuawa watu 68. Visiwani, mgeni mmoja aliyepenyezwa kituoni, au mwenyeji mmoja aliyerudishwa nyumbani, anatosha kuamua nani atawale.

Ndiyo maana ugomvi wa nani aandikwe ni wa zamani kuliko chama chochote kilichopo leo. Uchaguzi wa kwanza, wa Julai 1957, uliwahusu wanaume waliokuwa raia wa Sultani tu, tena wenye umri, mali au elimu iliyotakiwa. Abeid Karume mwenyewe, kiongozi wa ASP, aliwekewa pingamizi kwa madai kwamba hakuzaliwa Zanzibar. Pingamizi likashindwa, naye akamshinda Ali Muhsin wa ZNP huko Ng'ambo. Wanawake walingoja hadi 1961, na watu wazima wote wakapata kura mwaka 1963, miezi michache tu kabla ya Mapinduzi.

Vyama vingi viliporudi, suala likarudi navyo. Kwa uchaguzi wa 1995 sheria ilimtaka mtu awe ameishi miaka mitano mfululizo jimboni kabla ya kuandikishwa. Mvuvi anayehama dago, kijana wa Pemba aliyekwenda mjini kutafuta riziki, mwanamke aliyeolewa jimbo la pili: hao wote waliweza kukosa sifa, ingawa wamezaliwa Visiwani na wazazi wao wamezikwa humo humo. Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani, CUF. Kwa pengo kama hilo, kila jina lililokatwa lilikuwa na uzito.

Baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, Muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba mwaka huo ulileta Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na sharti la ukaazi likapunguzwa hadi miaka mitatu. Kisha ikaja Sheria Namba 7 ya 2005 iliyoanzisha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, ambacho watu hukiita ZanID. Tusiwaonee waliokitunga. CUF walilalamika kila uchaguzi kuhusu mamluki wanaovushwa bahari kuja kupiga kura, na CCM walikuwa na hofu zao juu ya watu wanaohamishwa jimbo hadi jimbo. Kadi yenye picha ilionekana dawa ya pande zote mbili.

Kasoro ilikuwa njia ya kuipata. Ili upewe ZanID ulitakiwa cheti cha kuzaliwa, na wazee wengi wa mashamba walizaliwa mikononi mwa wakunga, bila karatasi. Asiye na cheti aanze kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yake. Sheha naye ndiye aliyekaa kituoni siku ya kuandikisha, akitazama kila uso na kusema huyu namjua, huyu simjui. Si mtu wa kuchaguliwa na wanashehia: huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, ambaye huteuliwa na Rais. Upinzani ulimwona kada wa chama tawala aliyepewa mhuri. Siamini kwamba masheha wote walistahili kuonwa hivyo, lakini mwenye kuambiwa "njoo kesho" kwa mara ya tatu hana namna ya kutofautisha uzembe na hila.

Mwaka 2009, ZanID ilipofanywa sharti la kuandikishwa, Pemba ilichemka. Watu walijazana vituoni wakidai wamenyimwa kadi kwa makusudi, polisi wakaingia, na Tume ya Uchaguzi ikalazimika kusitisha kazi kwa muda. Kilichotuliza mambo hakikuwa kadi mpya. Novemba 5 mwaka huo Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, maridhiano yakaanza, na Julai 2010 kura ya maoni ikaidhinisha serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4. Oktoba, Dk. Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1, pengo dogo vilevile, na safari hii Maalim Seif aliyakubali matokeo.

Mwaka 2018 sheria nyingine iliweka uandikishaji wa vizazi, vifo na vitambulisho chini ya wakala mmoja. Hatua hiyo ina maana kubwa kuliko watu wanavyoisifu, kwa kuwa mtoto anayepata cheti siku chache baada ya kuzaliwa hatamhitaji mtu wa kumtolea ushahidi akifika miaka kumi na minane. Mzee wa Micheweni asiyekuwa nacho bado humwendea sheha, na sheha bado huteuliwa na Mkuu wa Mkoa.