Vijiti Viwili

Asubuhi moja ya Januari, huku Minnesota, nilizungusha swichi ya pikapu ya mjomba kutoka 2H hadi 4H, nikapanda mwinuko wenye theluji bila shida. Nikajiona dereva. Kwenye makutano nikakanyaga breki, gari likateleza hadi katikati ya barabara. Bahati, hapakuwa na mtu.

Swichi ile imerithi kazi ya vijiti viwili vya Jeep ya Vita Kuu ya Pili. Kimoja kiliunganisha magurudumu ya mbele, kingine kilichagua mwendo wa juu au wa chini. Mwaka 1946 Dodge ikawauzia raia Power Wagon, pikapu iliyotokana na magari yake ya jeshi.

Kanuni haijabadilika: 4H kwa theluji, 4L kwa kujikwamua polepole, 2H lami ikikauka, maana magurudumu yaliyofungwa pamoja hushindana kwenye kona.

Vita vile vilihitaji gari lisilokwama. Ndicho tulichorithi: nguvu ya kuvuta. Breki zote nne kila gari linazo, na barafu haizijali.

“Hiyo ni ya kuondokea, mjomba,” aliniambia jioni, “si ya kusimamia.”